Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga ardhi ya kijiji ili njia za maji, malisho na wanyama zisikatike

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wenyeviti na watendaji wa vijiji, wajumbe wa kamati za ardhi, wakulima na wafugaji wa Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema, na kwa yeyote anayeishi nyuma ya Ziwa Victoria huku akitegemea mvua. Maswali ni yale yanayojirudia kwenye mikutano ya vijiji. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo mambo huharibikia.

Mtandao wa ikolojia ni kitu gani kwa lugha ya kawaida?

Ni maeneo yote ambayo viumbe wanayahitaji ili wapite mwaka mzima wakiwa hai, pamoja na njia zinazoyaunganisha. Kuna maeneo makubwa ya kiini, ambako wanyama na mimea wapo kwa wingi. Kuna shoroba, yaani njia wanazopita. Kuna vituo vidogo vya kupumzikia njiani. Na kuna ukanda wa kinga unaopunguza vurugu za shamba na makazi.

Kwa upande wetu, Hifadhi ya Serengeti na mapori ya akiba ya Maswa na Kijereshi ndiyo kiini. Mto Simiyu na Mto Duma ni njia. Ngitili (malisho ya akiba yanayofungwa wakati wa mvua), vilima vya mawe, vichaka vya kando ya makorongo na mafunjo ya ufukweni ni vituo. Kijiji cha Magu ambacho hakijawahi kuona tembo nacho kimo ndani ya mtandao huu, maana maji yanayopita kwake yametoka huko juu na yanakwenda kumwagika Ghuba ya Speke.

Sisi tuko jirani na ziwa kubwa kuliko yote Afrika. Ukame unatuhusu nini?

Ziwa lina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 68,800, lakini maji yake hayapandi kwenda Ngudu, makao makuu ya Kwimba. Visiwani kama Ukerewe mvua ni nzuri. Ukiuacha ufukwe na kuelekea Kwimba, kusini mwa Magu, kisha Maswa na Shinyanga, mvua inapungua na kuwa ya kubahatisha: kitongoji kimoja kinapata, cha ng'ambo ya korongo kinaangalia mawingu yakipita.

Wataalamu hawaupimi ukavu wa eneo kwa mvua peke yake. Wanachukua mvua ya mwaka na kuigawanya kwa kiasi cha maji ambacho jua na upepo vingeweza kukausha kwa mwaka huohuo. Jibu likiwa chini ya 0.65, eneo linahesabiwa kuwa nyanda kavu. Takriban asilimia 40 ya nchi kavu yote duniani imo kwenye kundi hilo.

Na ziwa lenyewe linaumia na yanayotokea bara. Bonde la Simiyu, lenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000, ni kati ya mabonde ya upande wa Tanzania yanayoleta udongo na mbolea nyingi ziwani. Ardhi iliyokwanguliwa na mifugo na majembe ikipigwa na mvua ya kwanza, udongo wake unaishia kwenye mazalia ya samaki, na mbolea inalisha gugumaji. Mvuvi wa Magu na mfugaji wa Maswa wanashughulika na ardhi ileile.

Kwa nini nyanda kavu zinahitaji kuunganishwa kuliko sehemu zenye mvua nyingi?

Kwenye msitu wa mvua mnyama anaweza kupata chakula na maji mwaka mzima bila kwenda mbali. Kwenye nyanda kavu hakuna sehemu moja inayojitosheleza. Majani yako hapa mwezi wa tatu, maji yako kule mwezi wa tisa, kivuli na matunda yako kwingine. Kwa hiyo maisha ya huku ni ya kuhama, kwa nyumbu, kwa ng'ombe, kwa nyuki, hata kwa samaki. Nyumbu zaidi ya milioni moja wa Serengeti wapo kwa wingi huo kwa sababu wanahama. Ukanda wa magharibi wa hifadhi unanyoosha mkono hadi karibu na ghuba, pale lango la Ndabaka kando ya barabara ya Mwanza hadi Musoma, kwa sababu mito ya Grumeti na Mbalageti ndiyo inayoshika maji wakati nyanda za mashariki zimekauka.

Mfano wa samaki ninaupenda zaidi kwa sababu wengi hawautarajii. Ningu ni samaki wa ziwani ambaye mvua zikianza anapanda mito kwenda kutaga, kisha anarudi. Kuanzia katikati ya karne iliyopita alipungua vibaya, na sababu kubwa ilikuwa nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati samaki wa kutaga wakipanda. Ziwa lilikuwepo, mito ilikuwepo, ila njia kati yao ilizibwa kwa wiki chache za mwaka zilizokuwa muhimu kuliko zote. Kwa mpangaji wa ardhi somo ni kwamba njia inaweza kuwa wazi miezi kumi na ikafungwa miezi miwili, na miezi hiyo miwili ikammaliza kiumbe.

Ngitili zetu za kifamilia zinahesabiwa, au mnazungumzia hifadhi za serikali tu?

Zinahesabiwa, na kwa maoni yangu ndiyo mali kubwa kuliko zote tuliyonayo katika kazi hii. Usukumani ngitili ni eneo linalofungwa mvua zinapoanza ili majani na miti vikue bila kuguswa, kisha linafunguliwa kiangazi kikiwa kikali, kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na maksai wa kulimia. Kuna za familia, mara nyingi za ekari chache, na kuna za kijiji au kitongoji. Sheria zake zilisimamiwa na dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na anayevunja alitozwa faini bila kuangaliwa sura.

Historia yake inaeleza mengi. Enzi za ukoloni misitu mingi ya Usukuma ilifyekwa ili kuwaondoa mbung'o, mashamba ya pamba yakapanuka, na miaka ya 1970 kuhamishiwa vijijini kuliwaacha watu wengi mbali na ngitili zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 Shinyanga ilikuwa inageuka jangwa mbele ya macho ya watu. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kama HASHI, uliofanya kazi hadi 2004. Badala ya kuleta mbinu ngeni, mradi ulirudi kwenye ngitili na kuwaachia wenyewe waamue. Wakati mradi unaanza, ngitili zilizoorodheshwa hazikuzidi sana hekta 600. Mwisho wake zilikadiriwa kupita hekta 300,000. Watafiti waliozichunguza walihesabu aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege.

Hapo pana jambo ambalo mipango mingi ya vijiji inaliruka. Kila ngitili inaandikwa kwenye ramani kama kipande cha malisho cha familia fulani, na hakuna anayeuliza kipande hicho kinapakana na nini. Ngitili ya ekari tano iliyozungukwa na pamba pande zote inamsaidia mwenyewe kupata nyasi, lakini kwa kanga, digidigi au nyuki ni kisiwa. Ngitili tano za ekari tano zilizopangwa mfululizo kando ya korongo ni njia. Mara nyingi tofauti kati ya hali hizo mbili ni familia mbili au tatu kukubaliana kuhamisha ngitili kutoka upande huu wa mji, yaani makazi ya familia, kwenda upande ule. Makubaliano ya namna hiyo hayahitaji mfadhili. Yanahitaji mzee anayeheshimika na mtendaji aliye tayari kuketi na familia hizo hadi jioni.

Msisahau pia uzio wa minyaa na katani unaozunguka miji yetu. Angalia mnyaa wa zamani asubuhi: ndani yake kuna viota, mijusi, miche ya porini iliyojificha isiliwe na mbuzi. Uzio unaoungana na ngitili, nayo inayoungana na korongo, unafanya kazi kubwa kwa viumbe wadogo.

Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji unaandaliwaje, na nani mwenye kauli ya mwisho?

Msingi ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya 2007. Halmashauri ya kijiji ndiyo inayosimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaopitisha mpango. Wataalamu wa wilaya wanakuja kusaidia. Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi inatoa mwongozo wenye hatua sita: maandalizi wilayani, tathmini shirikishi kijijini, upimaji na uchoraji wa matumizi yaliyopo, upangaji wenyewe, utoaji wa hati na usalama wa milki, na mwisho usimamizi wa kila siku.

Sheria ya 1999 inaigawa ardhi ya kijiji kwenye mafungu matatu: ya jumuiya, ya watu binafsi na familia, na ile inayowekwa kwa matumizi ya baadaye. Kazi ya kulinda mtandao inafanyika zaidi kwenye fungu la kwanza na la tatu. La tatu ndilo linalotafunwa haraka, kwa sababu watu huliita ardhi isiyo na mwenyewe.

Sheria ndogo zinazotokana na mpango lazima zipitishwe pia na halmashauri ya wilaya. Fuatilieni hilo kwa miguu. Mpango usio na sheria ndogo zilizopitishwa hauwezi kumtoza mtu faini.

Tukikaa kuchora ramani, tuanze na nini?

Anzeni na maji ya mwezi wa tisa na wa kumi. Jambo hili nalisisitiza kuliko yote yaliyomo hapa.

Kawaida ramani inaanza na barabara, shule, zahanati na mashamba, halafu kinachobaki kinapakwa rangi ya kijani na kuitwa hifadhi. Kinachobaki huwa ni ibambasi, ule udongo mgumu usiopitisha maji, na miteremko ya mawe. Njia zenyewe za maisha, yaani kingo za makorongo na mbuga za udongo mweusi, zinakuwa zimeshagawiwa majaruba ya mpunga. Rangi ya kijani ipo kwenye ramani, ila haijaungana na chochote.

Geuzeni mpangilio. Kwanza wekeni kila sehemu inayopatikana maji mwishoni mwa kiangazi: chemchemi, malambo, madimbwi, na visima vya mchangani. Fuateni korongo kwa miguu wakati huo. Juu ni mchanga mkavu tu, lakini pale linapokata kona chini ya mkwaju mtakuta mashimo yaliyofukuliwa kwa mikono na mabakuli, maji yakiwa chini kama urefu wa mkono, na pembeni alama za kwato, nyayo za kanga na nyuki wamejaa kwenye tope. Sehemu ya namna hiyo ina thamani kuliko ekari nyingi za majani. Ndiyo sehemu ambayo malori ya mchanga wa kujengea yanaifuata. Mchanga ukiondolewa, korongo halishiki tena maji, na kisima kinakufa kwa watu na wanyama kwa pamoja. Wekeni machimbo ya mchanga kwenye mpango kwa jina na kwa mpaka, mkisema wapi ruhusa na wapi marufuku.

Pili, wekeni malisho ya akiba na miti inayozaa kiangazi. Tatu, unganisheni hayo mawili kwa njia ambazo mifugo na wanyama wanazitumia tayari. Mashamba mapya, viwanja na majengo vije baada ya hapo.

Wa kuulizwa wasiwe wazee wa kikao peke yao. Mchungaji wa miaka kumi na mbili anajua ng'ombe wanapopenda kupita. Wanawake wanaochota maji na kuokota kuni wanajua kisima kipi kilikauka mwaka gani. Kikao cha ramani kikifanyika saa ambazo wao wako kisimani, ramani itakuwa na makosa.

Wataalamu wanakuja na picha za setilaiti na kompyuta. Tuziamini?

Zitumieni, lakini mjue zinavyofanya kazi. Kompyuta inaipa kila sehemu alama ya ugumu wa kupitika: ngitili alama ndogo, shamba la pamba alama ya kati, makazi na barabara ya lami alama kubwa. Kisha inatafuta njia kati ya kiini na kiini ambayo jumla ya ugumu wake ni ndogo. Ni hesabu nzuri, na mara nyingine inaonyesha njia ambayo hakuna mtu aliyeifikiria.

Udhaifu wake ni alama zenyewe. Kompyuta haioni mbwa, haioni mtego, haijui kuwa shamba fulani baada ya mavuno linakuwa njia ya wote. Na picha ya mwezi wa nne inaonyesha kijani kila mahali, hata sehemu ambayo baada ya miezi mitano ni vumbi. Ombeni picha ya mwezi wa tisa, tena ya mwaka wa ukame, muiweke kando ya ile ya masika. Tofauti kati ya picha hizo mbili ndiyo inayoonyesha wapi pa kulinda.

Ushoroba uwe na upana gani?

Hakuna kipimo kimoja. Njia fupi inaweza kuwa nyembamba. Ikiwa ndefu inahitaji kupanuka, kwa sababu mnyama atakaa ndani yake kwa muda na anahitaji kujificha na kula. Kingo za njia huwa zinaharibika kwa moto, mbwa na ukataji kuni, hivyo hesabuni upana unaobaki katikati baada ya kingo kuliwa. Afadhali njia moja pana inayofika majini kuliko tatu nyembamba zinazoishia shambani.

Mita 60 za kando ya mto na ziwa zinapimwa kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Ugomvi unaanzia kwenye neno ukingo, hasa kwa makorongo yanayokauka na kwa ziwa linalopanda na kushuka.

Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960. Nyumba, mialo na mashamba vilifunikwa, mengi yakiwa ya watu waliopima kutoka pale maji yalipokuwa kwenye miaka ya ziwa kushuka. Ushauri wangu ni kupima kutoka alama ya juu kabisa ambayo maji yamewahi kufika. Wazee wanaikumbuka, na mara nyingi miti na mawe vina alama yake. Kwa kipimo rasmi chenye kusimama mbele ya baraza, iteni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ambayo makao yake yako Mwanza.

Ndani ya mita hizo 60, mafunjo yaacheni. Ni chujio la udongo, ni mazalia ya samaki, na ni njia ya ndege na wanyama wadogo kandokando ya ziwa zima.

Shamba langu liko katikati ya njia. Nitanyang'anywa?

Mpango wa kijiji haufuti haki yako ya kimila. Sheria ya 1999 inaipa haki hiyo hadhi sawa na hati iliyotolewa na serikali. Kinachofanyika ni mazungumzo: kubadilishana na kipande cha fungu la akiba, kuacha ukanda wa pembeni bila kulimwa, au kuendelea kulima kwa masharti, kwa mfano kuruhusu mapito baada ya mavuno na kutoweka uzio wa waya. Kama unalo shamba ambalo halina hati, omba hatimiliki ya kimila wakati wa zoezi hilohilo. Kijiji lazima kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji kwanza.

Mgogoro ukitokea, anzia Baraza la Ardhi la Kijiji. Lina wajumbe saba, na angalau watatu lazima wawe wanawake. Mjane asikubali kuambiwa kwamba mila haimruhusu kushika ardhi. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria hiyo.

Mpango ukianza kwa kuwahamisha watu kwa nguvu utakufa, na njia itafungwa kwa hasira. Nimesikia hoja kwamba hakuna muda wa kubembelezana. Muda wa kubembelezana ni mfupi kuliko muda wa kesi.

Wafugaji tunaogopa neno hifadhi. Je, malisho yatafungwa?

Woga huo una sababu, kwa kuwa mara nyingi eneo la malisho ndilo lilikuwa la kwanza kuitwa hifadhi. Mpango ukitengenezwa vizuri, malisho ya jumuiya yanakuwa sehemu ya mtandao kisheria, na hiyo ni kinga dhidi ya anayetaka kuyakata mashamba. Ng'ombe anayehamishwa kwa zamu na swala wanaweza kutumia ardhi moja. Ng'ombe na trekta hawawezi.

Wekeni kwenye ramani mapalio, yaani njia za mifugo, kutoka kwenye kaya hadi malambo, majosho na mnadani, yakiwa na upana unaotosha kundi kupita bila kuingia shambani. Palio lililofungwa ni chanzo cha nusu ya ugomvi wa wakulima na wafugaji ninaoujua. Na mjadiliane kwa ukweli kuhusu idadi. Njia haiwezi kuokoa malisho yaliyozidiwa, na kuuza ng'ombe wanne kabla kiangazi hakijawakondesha ni heri kuliko kuwaacha wanne wafe.

Jambo la malambo linataka uangalifu. Lambo jipya linavuta mifugo ya mbali, na majani ya kuzunguka lambo hilo yanaisha kwanza. Likichimbwa katikati ya ngitili, ngitili hiyo haitadumu. Lichimbwe pembeni, palio likiwa limeshapangwa.

Njia ikiachwa wazi, si tunawakaribisha tembo?

Kwa vijiji vya Busega, Bunda, Bariadi na Meatu hili ni swali la uhai na kifo, na anayelijibu kwa wepesi hajawahi kulala shambani akipiga debe kufukuza tembo. Tembo atapita, iwe njia ipo au haipo. Njia ikiwepo na ikijulikana, mnaweza kupanga kinachokuwa pembeni yake. Mahindi na matikiti yakae mbali. Pembeni pawe na ufuta, pilipili, au malisho. Mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya na uzio wa kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu vinasaidia vikitunzwa kila wiki, na havisaidii vikiachwa. Maghala ya nafaka yasijengwe kwenye mstari wa njia.

Serikali inalipa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufa. Kiasi chake hakilingani na hasara, na hilo linapaswa kusemwa wazi kila mara tunapowaomba watu wavumilie wanyama. Toeni taarifa mapema kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na piga picha za uharibifu kabla hamjalima upya.

Tukipanda miti mingi haitoshi?

Haitoshi, na mara nyingine inadhuru. Mikaratusi kando ya chemchemi inakunywa maji ya kiangazi. Kwenye nyanda zetu visiki vilivyo hai vya migunga vikilindwa dhidi ya panga na mbuzi vinachipua vyenyewe, kwa gharama ndogo kuliko kitalu. Mikaratusi na milusina ya kuni na fito ipandwe karibu na nyumba, mbali na vyanzo vya maji, ili ngitili ipumue.

Na sisi wa mjini, Nyamagana na Ilemela?

Vilima vya mawe ndivyo vituo vyenu. Pimbi na yule mjusi wa mawe mwenye kichwa chekundu na mwili wa buluu wanaishi hapo, pamoja na vichaka vinavyozuia maji ya mvua yasishuke kwa kishindo. Kila kilima kinachojengwa hadi kileleni kinapeleka maji na taka kwenye Mto Mirongo, na Mirongo inapeleka ziwani. Mpango kabambe wa jiji ukijadiliwa kwenye mtaa wenu, ombeni vilele na mifereji ya asili iandikwe kama maeneo ya wazi yasiyogawiwa viwanja.

Kwa nini mipango mingi inaishia kabatini?

Fedha huwa zinaisha siku ramani inapokamilika, ilhali kazi ngumu inaanza siku hiyo. Alama za mpaka haziwekwi. Uongozi unabadilika baada ya uchaguzi wa serikali za mitaa, na mwenyekiti mpya hajawahi kuuona mpango. Na kuna ubaya mkubwa kuliko huo: viongozi wanaogawa ardhi ya jumuiya kimyakimya, ekari mbili kwa huyu, tatu kwa yule, bila mkutano mkuu, mpaka njia inakatika bila mtu yeyote kuamua ikatike.

Ramani ichorwe kubwa ukutani mwa ofisi ya kijiji, kila mtu aione. Mipaka ya njia ipandwe katani na minyaa, na mawe yapakwe chokaa. Kwenye kila mkutano mkuu, ambao kisheria ni kila miezi mitatu, pawe na ajenda ya mpango: nani ameomba ardhi, nani ametozwa, kisima kipi kimekauka. Sungusungu na dagashida wapewe kazi yao, huku faini zikiandikwa kwenye daftari linalosomwa hadharani. Na ngitili ilete kitu mkononi: nyasi za kuezekea, asali, dawa, kuni zilizokauka. Watu wanalinda kinachowalisha.

Kijiji chetu kimepanga vizuri, lakini jirani amelima hadi mpakani. Tufanyeje?

Makorongo na kanga hawajui mpaka wa kijiji, na hapa ndipo njia nyingi zinapokufa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji kuingia makubaliano ya matumizi ya pamoja ya ardhi. Wilayani Kiteto, mkoani Manyara, vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao na kuyapa jina la OLENGAPA kutokana na majina ya vijiji vyenyewe, na wafugaji wakapata hati ya pamoja. Hakuna kinachozuia vijiji vitatu vya kandokando ya Simiyu kufanya vivyo hivyo.

Anzeni na jambo dogo linalowauma wote, mara nyingi kisima au lambo mnalochangia. Wenyeviti na wazee wa pande zote walitembelee pamoja mwezi wa tisa, wafuate korongo hadi mpaka wa pili, na waandike muhtasari unaosainiwa na halmashauri zote. Muhtasari huo upelekwe kwa afisa ardhi na afisa mifugo wa wilaya kabla ya bajeti kuandaliwa, ukiwa na ombi moja tu: timu ikija kupima, ivipime vijiji vyote kwa safari moja na kwa ramani moja. Jirani akikataa mwaka huu, pandeni katani upande wenu hadi mpakani na mwacheni aone majani yenu kiangazi. Kisha mrudi kumuuliza baada ya mavuno, wakati watu wameshiba na hawana haraka.